Vifuniko Visivyo na Makopo

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema atakuta nini huko. Katika nyumba ya kawaida ya Tabata, Kisauni au Buruburu, anayeinama uvunguni mwa kitanda hutoka na begi lililokufa zipu, feni iliyoungua mota, madaftari ya mtoto ambaye sasa yuko chuo kikuu, boksi la televisheni iliyokwisha kuuzwa, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Atakohoa vumbi, atavitazama vitu hivyo kwa huruma, kisha atavirudisha vyote. Na ndala pia.

Si kwamba watu hawasafishi. Pwani, siku za mwisho za Shaabani nyumba nyingi hupinduliwa: kuta hupakwa chokaa, mapazia hufuliwa, mikeka huanikwa. Bara, kazi hiyo hungoja Desemba, kabla Krismasi haijafika na ndugu hawajashuka kwenye basi. Watu huamka alfajiri na kutoa kila kitu uani. Kufikia saa tisa alasiri mgongo unauma, wingu limetanda, watoto wana njaa, na vitu vinarudi ndani kwa kasi kuliko vilivyotoka. Kilichopungua ni vumbi. Mali imebaki na idadi yake ileile, ila sasa imepangwa vizuri zaidi, kwa hiyo imejificha vizuri zaidi.

Siku hiyo kubwa ndiyo inayoharibu kazi. Nyumba iliyojaa hupunguzwa kidogo kidogo, kila wiki, kuanzia kwenye vitu visivyo na machozi. Anayesubiri siku maalumu hujikuta anatakiwa kuamua mambo mia tatu kwa mchana mmoja, na akili iliyochoka ina jibu moja tu: kiweke, kitakuja kufaa.

Kwa wenzetu wa nchi za baridi, siku kubwa ilikuwa na sababu zake. Nyumba za Ulaya na Amerika ya Kaskazini za karne ya 19 zilifungwa madirisha miezi kadhaa huku makaa ya mawe na taa za mafuta zikifuka ndani. Baridi ilipokatika, masizi yalikuwa yamegandamana ukutani, na ndipo madirisha yalifunguliwa na mazulia yakatolewa nje kupigwa fimbo. Wairani nao, kabla ya mwaka wao mpya wa Nowruz unaoangukia karibu na Machi 20, hufanya usafi wanaouita kwa lugha yao kutikisa nyumba. Nowruz hiyohiyo ilivuka bahari ikawa Nairuzi kwenye pwani yetu, na Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa kila Julai kama Mwaka Kogwa. Kuukoga mwaka! Jina zuri kuliko yote yaliyowahi kupewa shughuli ya usafi.

Lakini hali ya hewa ya Afrika Mashariki haifungi madirisha miezi minne. Adui wa nyumba zetu hana msimu mmoja. Mende mdogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai thelathini hadi arobaini, na maboksi ya karatasi humpa nyumba na chakula kwa pamoja, kwa kuwa hula hata gundi yake. Ukungu hauhitaji zaidi ya siku chache za masika na sanduku la nguo lililobanwa ukutani. Na yuko mwingine ambaye saa yake inajulikana vizuri kuliko wote.

Mwaka 1952, katika nyanda za juu za Makonde huko Newala, kulizuka homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Wenyeji waliipa jina kwa Kimakonde, kutokana na huko kujikunja, na jina hilo, chikungunya, leo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Watafiti waliofika kuuchunguza mlipuko huo walikuta maji ni ya shida katika nyanda hizo. Akina mama waliyafuata mbali na kuyahifadhi ndani kwenye mitungi, na ndani ya mitungi hiyo mbu aina ya Aedes walikuwa wakizaliana kwa raha zao. Mwaka 2004 ugonjwa huohuo uliibuka Lamu, wakati wa ukame, watu walipokuwa wameweka akiba ya maji majumbani bila kuyabadilisha. Vipimo vya damu vilivyofuata vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa mji huo walikuwa wameambukizwa. Dengue, inayoenezwa na mbu huyohuyo, iliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Mbu huyu hahitaji dimbwi. Kifuu cha nazi kinamtosha, sawa na tairi lililoegemezwa ukutani, kopo la rangi lililobaki baada ya ujenzi, au ndoo iliyopasuka inayongoja fundi asiyekuja. Hung'ata mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii sana. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua, ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe. Tangu yai lipate maji hadi mbu aruke ni siku saba hadi kumi hivi.

Siku saba. Hapo ndipo hoja ya usafi wa mwaka inapovunjika. Anayesafisha ua wake kila Desemba anawapa mbu vizazi vingi vya amani kati ya usafi mmoja na mwingine. Anayetoa vyombo vitatu visivyofaa kila Jumamosi, hata kama uani bado kunatisha kwa macho, anakata mzunguko huo.

Serikali zetu zinalijua jambo hili kwa kiasi fulani. Desemba 9, 2015, wakati kipindupindu kikiendelea kuua, Rais John Magufuli wa Tanzania alifuta sherehe za Uhuru na kuigeuza siku hiyo kuwa ya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alionekana akiokota taka barabarani. Ukafuata usafi wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rwanda ina umuganda wake, Jumamosi hiyohiyo ya mwisho. Ni desturi njema, lakini huishia getini. Mtendaji wa mtaa ataangalia mtaro, hataingia stoo. Stoo haina afisa afya.

Kwa nini basi ni vigumu kuachana na feni iliyoungua? Jibu moja lilipatikana kwenye vikombe. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya wakiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe cha kahawa kiwe mali yao, nusu hawakupewa. Kisha wakaruhusiwa kuuziana. Waliokuwa nacho walitaka kama dola 5. Wasiokuwa nacho hawakuwa tayari kutoa hata dola 3. Kikombe ni kilekile, na aliyekishika amekishika kwa dakika chache tu. Sasa fikiria sufuria ya miaka kumi na tano, iliyopikia pilau ya arusi mbili na uji wa watoto wanne. Bei yake kichwani mwa mwenyewe haina uhusiano wowote na bei ya sokoni.

Dawa ya ugonjwa huo iko karibu na kila msomaji wa Dar es Salaam na Nairobi. Badala ya kujiuliza "nikitupe?", swali ambalo jibu lake siku zote ni hapana, mtu ajiulize: kingekuwa kimetandazwa chini katika soko la Karume au la Gikomba, ningekinunua? Kwa shilingi ngapi? Swali hili ni katili, na linafanya kazi, kwa sababu mtu aliyezoea kupatana bei sokoni hawezi kujidanganya. Ndala moja ya mguu wa kushoto hainunuliki hata kwa mia.

Wamarekani wenyewe si mfano wa kuigwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipozifuatilia familia 32 za tabaka la kati za mji huo kati ya mwaka 2001 na 2005, walikuta robo tatu ya gereji zimejaa vitu kiasi kwamba gari haliingii. Gari la fedha nyingi linalala nje kwenye jua ili maboksi yalale ndani. Utafiti mwingine uliotoka humohumo, mwaka 2010, ulipima homoni ya msongo wa mawazo kwenye mate ya wanandoa. Wake walioieleza nyumba yao kuwa imejaa na haijaisha walikuwa na mwenendo mbaya zaidi wa homoni hiyo kutwa nzima. Kwa waume, uhusiano huo haukuonekana kwa nguvu ileile. Mama yeyote anayesoma gazeti hili anaweza kueleza sababu bila maabara: anayeiona nyumba imejaa ni yule ambaye ataulizwa kwa nini imejaa.

Ushauri maarufu zaidi duniani kuhusu jambo hili umetoka Japani. Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilisambaa kwa Kiingereza tangu mwaka 2014, anataka mtu akusanye nguo zake zote mahali pamoja, azishike moja moja, abaki na zile zinazompa furaha, na kazi nzima aifanye kwa mkupuo, aina baada ya aina. Ni ushauri wa mtu mwenye chumba cha ziada. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, nguo zote zikirundikwa kitandani saa kumi jioni, watoto watalala wapi saa tatu? Na furaha si kipimo cha jembe wala cha beseni. Kwa haki, Kondo mwenyewe aliungana na binadamu wengine mwaka 2023, aliposema kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu nyumba yake si nadhifu kama zamani na ameridhika nayo hivyo.

Kinachofaa hapa ni kazi ya dakika ishirini, chai ikiwa jikoni, sehemu moja ndogo inayokwisha kabisa. Si "jikoni", bali droo moja ya jikoni. Na pa kuanzia panajulikana: vifuniko. Hakuna nyumba isiyo na vifuniko visivyo na makopo na makopo yasiyo na vifuniko. Makopo ya siagi, ya aisikrimu iliyoliwa sikukuu ya mwaka juzi, ya chakula kilicholetwa msibani na kusahauliwa na mwenyewe. Kila kopo litafutiwe kifuniko chake. Kisichopata mwenza kiondoke. Hakuna anayelia juu ya kifuniko, na ndiyo sababu kazi ianze nacho: mkono unajifunza kuachia.

Chini ya sinki, pengine, litajitokeza donge la mifuko ya Rambo. Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, Kenya ilitangulia Agosti 28, 2017, lakini nyumba kadhaa zimeitunza kama mtu anavyotunza sarafu za mkoloni.

Wiki inayofuata ni nyaya. Chaja za simu zenye kichwa chembamba kisichoingia popote, rimoti za redio iliyokufa, antena za enzi kabla ya ving'amuzi. Televisheni ya mgongo mnene nayo ina historia: Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na tangu hapo nyingi zimehamia stoo zikiwa zimefunikwa kitambaa kana kwamba zimelala tu. Kwenye nyaya akina baba waitwe. Ni jambo la kushangaza jinsi mwanamume asiyejua sukari inawekwa wapi anavyoweza kutetea waya mmoja mmoja kwa jina na kwa kazi yake.

Karatasi zinahitaji jioni mbili au tatu. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, vyeti vya shule na kadi za kliniki vikae kwenye faili moja ambalo kila mtu mzima nyumbani anajua lilipo, kwa sababu siku ya kulitafuta huwa siku mbaya. Mwenye biashara asikimbilie kuchoma risiti: sheria za kodi za Tanzania na za Kenya zinamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Ila risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na baada ya muda anayezitunza bila kuzipiga picha anatunza karatasi nyeupe. Vidonge vilivyobaki, vikikutwa kati ya karatasi hizo, visiingie kwenye faili wala kwenye mkoba wa jirani. Vipelekwe kituo cha afya au kwa mfamasia.

Nguo zije mwezi wa pili, mkono ukiwa umezoea, na kanga zije mwisho wa nguo. Kanga si nguo tu. Ile doti ya arusi, ile iliyogawiwa kwenye arobaini ya bibi, ile iliyotumwa na wifi kwa makusudi kwa ajili ya maneno yake. Sanduku la kanga ni maktaba ya mwanamke, na mwenye kulipekua kwa pupa atajuta. Zinaweza kubaki zote. Kilichotolewa jikoni kimeshatengeneza nafasi. Nguo za marehemu pia zina utaratibu wake wa ukoo au wa dini, na hazimo kwenye dakika ishirini za mtu yeyote.

Hapa kuna kejeli ambayo Mwafrika Mashariki anaijua kwa mwili wake. Usafi wa nyumba za Manchester na Chicago ndio unaojaza masoko yetu. Nguo iliyotolewa kabatini huko huingia kwenye belo, belo hupanda meli, na kilo zake 45 hufunguliwa Gikomba alfajiri. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondokana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia nafasi yao katika mpango wake wa biashara wa AGOA, wengi wakalegea, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru kwenye soko la Marekani. Yaani mabaki ya kabati za watu yamekuwa suala la kidiplomasia. Nasi tunayanunua, tunayajaza kwenye makabati yetu, na hatuna wa kumpelekea belo.

Au tunaye, na hapo kuna jambo la kusemwa wazi. Nyumba nyingi za mjini hutoa mzigo wake kwa dada wa kazi au kuupakia kwenye basi la kwenda kijijini. Shati zima, lililofuliwa na kushonwa kifungo, ni zawadi. Sufuria iliyotoboka ni taka iliyolipiwa nauli. Anayetoa ajiulize kama angempa kitu hicho mtu anayemheshimu, mkono kwa mkono, mchana. Vinginevyo kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni, kuna waokota chupa, kuna fundi redio anayetafuta vipuri. Hawa wanajua thamani ya kilichokufa. Kila wanachokichukua kinapunguza kinachokwenda jalala la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, au Dandora, jalala la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na ambalo limeendelea kupokea malori.

Sharti ni kwamba kiroba cha vitu vya kutoa kiondoke ndani ya wiki hiyohiyo. Kiroba kilichofungwa na kuwekwa nyuma ya mlango "mpaka atakapopita mtu" hufunguliwa siku ya tano na mtu anayetafuta kitu kingine, na siku ya kumi nusu yake imerudi kabatini.

Kwenye stoo kabisa, nyuma ya kila kitu, kuna mzigo ambao vitabu vya Los Angeles na Tokyo haviufahamu: amana. Sanduku la mpwa aliyepita akielekea masomoni mwaka 2011 akasema atalirudia. Godoro la jirani aliyehamia Dodoma. Cherehani ya binamu, mguu tu, bila kichwa. Vitu hivi haviwezi kutupwa na mwenye nyumba, kwa sababu si vyake na alivipokea kwa neno lake. Nyumba zimejaa heshima ya watu wengine. Lakini amana ina mwenyewe, na mwenyewe siku hizi ana simu. Kupiga picha ya mzigo, kumtumia, na kumwomba kwa upole aje au amtume mtu kabla ya masika ni kazi ya dakika tano, ndogo kuliko ya vifuniko. Watu huiogopa wakidhani wataonekana wanafukuza. Jibu linalorudi mara nyingi, baada ya salamu ndefu na pole za miaka mingi ya kimya, ni fupi: "Sanduku lipi, shangazi?"